Sura ya Kuazima: Askari Samuel Battle na Mji wa New York

Kila anapotajwa mtu wa kwanza wa rangi yake au kabila lake kushika kazi ambayo hapo kabla ilikuwa haramu kwa watu wa namna yake, aghalabu sifa hugawanywa bila ya insafu: yeye husifiwa kwa subira, na wale waliomfungia mlango kwa miaka na mikaka husifiwa kwa ukarimu wa kuufungua, kana kwamba aliyekuzuilia haki yako anastahili shukrani siku anapochoka kuizuia. Magazeti hupiga picha, wakubwa hupeana mikono, na yule mtu wa kwanza, ambaye usiku wake hatuujui, huambiwa atabasamu. Sina ugomvi na furaha hiyo, maana furaha ni haki ya waliokuwa wakingoja. Ugomvi wangu ni wa hesabu, nayo naiona wazi zaidi katika maisha ya Samuel Jesse Battle, aliyeapishwa kuwa askari polisi wa mji wa New York tarehe 28 Juni 1911.

Huitwa wa kwanza kwa sharti moja. Kabla ya mwaka 1898 Brooklyn ulikuwa mji mbali na New York, nao tangu 1891 ulikwisha mwapisha mtu mweusi, Wiley Overton, na baada yake wengine wachache, mmojawapo akiwa Moses Cobb, shemeji wa huyu Battle. Miji hiyo ilipounganishwa, askari hao walirithiwa pamoja na vituo vyao, walakini jeshi la polisi lililozaliwa kwa muungano ule halikuandika mweusi mwingine kwa miaka 13, na katika kisiwa cha Manhattan, ambako ndiko moyo wa mji, raia mweusi aliyepatwa na dhulma hakuwa na polisi wa rangi yake wa kumkimbilia. Nalo halikuwa jambo dogo. Mwezi wa Agosti 1900, baada ya mtu mweusi aitwaye Arthur Harris kugombana usiku na mtu aliyevaa nguo za kiraia na kumchoma kisu, na yule mtu kudhihirika kuwa ni polisi, naye akafa, makundi ya watu weupe yalienea katika mitaa ya magharibi ya Manhattan yakiwashusha weusi kutoka katika magari ya abiria na kuwapiga. Na polisi, ambao taklifu yao ilikuwa kuwaokoa wanaopigwa, waliingia pamoja na wapigaji wakiwa na rungu zao. Waliopigwa walitoa ushahidi wa kiapo, ushahidi ukachapishwa, na hapana askari aliyeadhibiwa. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na watu weusi wa New York walijifunza usiku ule maana ya kutokuwapo.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akastaajabu, kwa kuwa huku kwetu, katika zama hizo hizo, dola za kigeni hazikuona taabu kumvika Mwafrika nguo za askari. Walichomnyima ni amri, hata ikawa mpaka 1964 ndipo Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa polisi wa Tanzania. New York mambo yalikuwa kinyume. Kilichoogopwa huko ni ngazi ya chini kabisa, ya askari wa lindo mtaani, kwa kuwa askari wa lindo ndiye amshikaye mtu bega na kumwambia twende kituoni, na haikuwezekana kuhakikisha kwamba bega hilo halitakuwa la mtu mweupe.

Battle alizaliwa tarehe 16 Januari 1883 katika mji wa New Bern, jimbo la North Carolina, kwa baba aliyezaliwa utumwani na kisha akawa mhubiri wa Kimethodisti, na inasimuliwa kwamba siku ile alikuwa na uzito wa ratili 16, hata ikasemwa kuwa jimbo zima halijapata kumwona mtoto mchanga wa namna hiyo. Ujanani alifanya jambo ambalo wasifu wake wengi huliruka upesi, nami naona ndilo lenye mafunzo: aliiba fedha katika kasha la tajiri aliyemwajiri, akakamatwa. Tajiri yule, kwa hisani ya urafiki wake na mzee Battle, hakumshitaki, ila alimtabiria kijana kwamba haitapita mwaka kabla hajaingia gerezani. Samuel akashika njia ya kaskazini akiwa na utabiri huo kichwani, na takriban miaka 40 baadaye akaketi katika bodi iliyoamua ni mfungwa yupi aachiliwe kabla ya muda wake na yupi abaki. Lau yule tajiri angekwenda kwa hakimu badala ya kwa rafiki yake, New York ingelimkosa afisa, na magereza ya North Carolina yangelipata mfungwa mmoja zaidi, mwenye nguvu nyingi za kuvunja mawe.

Alipofika New York alipata kazi katika stesheni kuu ya gari la moshi, Grand Central, akiwa mmoja wa wale mahamali waliojulikana kwa kofia zao nyekundu, chini ya mkuu wao James H. Williams, mtu mweusi mwenye jaha katika mji. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba makasha na mabegi ya wasafiri na kuishi kwa bakhshishi. Lakini asidhani mtu kwamba wale walikuwa wajinga wasio na la kufanya, maana chini ya kofia zile mlikuwa na wanafunzi wa udaktari na sheria waliokosa kazi nyingine kwa sababu ya rangi zao. Mchana Battle alibeba mizigo, na usiku alisoma vitabu vya mtihani wa kuingia polisi, akaufanya, na katika watu 638 akatokea wa 199. Kwa mtu ambaye skuli yake ilikuwa ya kuungaunga, nafasi hiyo ilitosha na kuzidi. Ndipo matabibu wa polisi walipomweka kifuani chombo chao cha kusikilizia, wakasema moyo wake una kasoro.

Mtu huyo alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 3, kifua kipana kama jahazi, na tangu asubuhi hadi jioni alikuwa akipandisha na kushusha mizigo ya matajiri. Kama moyo ule ulikuwa mgonjwa, basi sijui tungesemaje juu ya mioyo ya wale waliompima.

Hapa ndipo kisa hiki husimuliwa vibaya, kwa kuwa wasimulizi hupenda kukifanya kisa cha subira: alikataliwa, akavumilia, akakubaliwa, na subira yavuta heri. Subira ya Battle siikanushi. Lakini subira haikuugusa ule waraka wa daktari. Kilichougusa ni viongozi wa watu weusi wa New York, watu wenye kura nyuma yao na wenye kujua mlango upi wa baraza la mji hubishwa wakati gani, ambao waliwaendea wakubwa na kuwabana mpaka akapimwa upya, na upimaji wa pili ukaona moyo ule ule ni mzima. Tiba hiyo ya ajabu, iliyomponya mtu bila ya dawa, ilifanywa na siasa. Nalisema hili kwa sababu kijana anayeambiwa kwamba mlango hufunguliwa kwa kungojea anadanganywa, tena anadanganywa na watu wenye maslahi katika kungojea kwake.

Alipelekwa kwanza katika kituo cha Mtaa wa 68 wa magharibi, karibu na mtaa wa San Juan Hill, ambako weusi na Waairishi walikuwa wakigombana mara kwa mara. Huko alikutana na jambo ambalo sisi watu wa pwani, ambao salamu kwetu ni karibu na ibada, pengine tutalielewa zaidi kuliko wengine. Hawakumpiga wala hawakumtukana usoni, hawakumsemesha. Aliingia kituoni, akasimama katika mstari wa kukaguliwa, akatoka kwenda lindoni, akarudi, na katika wote aliovaa nao nguo za namna moja hapakuwa na wa kumwambia habari za asubuhi. Tena kazi ya polisi haifundishwi na vitabu. Askari mpya huifundishwa na mkongwe kwa maneno ya njiani: duka lile lina mlango wa nyuma, yule mlevi hana madhara, huyu anayecheka ndiye wa kuogopwa. Battle alinyimwa ilimu hiyo yote, akajifunza kwa macho yake, ilhali huko nje watu walikuja kwa makundi kumtazama askari mweusi kama watazamavyo tembo wa maonyesho.

Desturi ya kituo ilikuwa askari wa akiba walale hapo hapo, katika bweni, wakingoja kuitwa. Wenzake hawakutaka kulala naye chumba kimoja, wala hapakuwa na mkubwa aliyewaamuru, basi akapewa kitanda darini, katika chumba ambamo ilihifadhiwa bendera ya taifa. Nchi iliyokataa alale pamoja na askari wake ikamlaza pamoja na bendera yake. Hakwenda kwa waandishi wa magazeti kulalamika, hakutaja jina la mtu. Na huko juu alipata faragha ya kusoma vitabu vya mitihani ya kupanda cheo, faragha ambayo waliokuwa chini, katika zogo la karata na moshi wa tumbaku, hawakuwa nayo.

Baadaye alihamishwa kwenda Harlem, ambako watu weusi walikuwa wakihamia kwa maelfu, na huko, katika makutano ya njia ya Lenox na Mtaa wa 135, ndiko alikokuwa mtu wa watu. Mwaka 1919 polisi mweupe alimpiga risasi mtu mweusi katika mtaa ule, umati ukamzunguka polisi kwa ghadhabu, na Battle akapenya katikati ya umati akamtoa akiwa hai. Inasimuliwa kwamba ni baada ya tendo hilo ndipo polisi weupe, ambao hapo nyuma walimnyima nafasi katika darasa la matayarisho ya mtihani wa usajini, walipopiga kura ya kumkubali. Alipata usajini mwaka 1926, wa kwanza katika watu weusi wa polisi ya New York.

Tukio hili husimuliwa kama ushindi wa utu, nami sikatai kwamba lina utu ndani yake, upande wa Battle. Lakini tazama bei. Mwenzake mweupe, ili akae katika darasa lile, alitakiwa kulipa karo. Battle alitakiwa kuokoa roho ya mtu. Na kutoka kuapishwa hadi kupata mistari mitatu begani ilimchukua miaka 15, ambayo katika hiyo wengi waliomnyamazia walikuwa wamekwisha pita mbele yake.

Kama ningetakiwa kuonyesha ni lipi lililomfanya awe kiongozi wa watu wake, nisingetaja vyeo. Ningetaja habari ya Wesley Williams, mtoto wa yule mkuu wa mahamali, ambaye mwaka 1919 aliingia zimamoto ya New York, naye akaambiwa na kila mtu kwamba haiwezekani. Battle alimfundisha, akampa siri za mitihani na za kunyamaziwa, maana huyo naye alinyamaziwa: siku aliyoripoti katika kituo chake, askari wenzake wote waliomba uhamisho kuliko kufanya kazi pamoja naye. Williams alipanda mpaka akawa mkuu wa kikosi, na mwaka 1940 akaanzisha chama cha wazimamoto weusi, kiitwacho Vulcan, ili anayekuja nyuma asisome peke yake darini. Kadhalika vijana wa Harlem waliotaka kuingia polisi walijua mlango wa nyumba ya Battle katika Mtaa wa 138. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake isiyo na picha wala medali, na mtu akiniuliza nini alichoufanyia mji ule, jibu langu litaanzia hapo.

Sasa tufike mwaka 1935, ambao Battle aliuanza kwa kupandishwa kuwa luteni. Tarehe 19 Machi, katika duka kubwa la Kress kwenye Mtaa wa 125, kijana wa miaka 16 wa asili ya Puerto Rico, Lino Rivera, alikamatwa kwa kuiba kisu kidogo cha kukunja. Alipambana na waliomkamata, akamng'ata mmoja mkononi; polisi aliyeitwa aliona si jambo la kumpeleka mtoto mahakamani, akamtoa kwa mlango wa nyuma aende zake. Walioshuhudia mbele ya duka hawakuuona mlango wa nyuma. Waliona mtoto amepelekwa ndani akipiga kelele, kisha wakaona gari la wagonjwa limekuja, ambalo lilimjia yule aliyeng'atwa, kisha, kwa mkosi wa kuandikwa, wakaona gari la kubebea maiti limeegeshwa jirani. Wakajumlisha. Jioni Harlem nzima iliamini kwamba mtoto mweusi ameuawa kwa pigo katika duka la wazungu ambalo huuza kwa weusi na haliwaajiri weusi, na usiku vioo vya maduka vikawa vinamiminika njiani. Watu 3 walikufa, mamia wakajeruhiwa au kukamatwa.

Usiku wa manane polisi walimpata Rivera nyumbani kwao, mzima, wakamleta, na wakaona inahitajika picha. Wakamtafuta mtu ambaye sura yake Harlem ingeiamini. Luteni Battle akasimama kando ya yule kijana, mkono wake mkubwa juu ya bega dogo, wote wawili wakitazama kamera, na picha ikachapishwa na kutawanywa ili watu waone kwamba maiti yao anapumua. Naiona picha ile kuwa ndiyo muhtasari wa maisha yake yote katika kazi. Taasisi iliyomlaza darini, iliyomnyamazia, iliyomcheleweshea cheo, siku ilipohitaji kuaminiwa haikuwa na sura yake yenyewe ya kuonyesha. Ikaazima ya Battle.

Wapo watakaouliza, nao wana haki ya kuuliza: je, alipaswa kukataa? Mji unawaka, watu wanakufa, na wewe ndiwe unayeweza kuwatuliza. Utasema hapana kwa sababu ya bweni la mwaka 1911? Bila shaka alifanya lililompasa. Mtu muungwana haangalii nani aliyewasha moto kabla ya kuchukua ndoo. Lakini hukumu ya Battle ni mbali na hukumu ya waliomtuma. Aliyeazima chombo akakirudisha bila hata ya kukiosha, kisha akaja kukiazima tena, huyo hatumwiti rafiki wa mwenye chombo.

Tena picha yenyewe haikutosha. Waliokuwa njiani usiku ule hawakukosa habari. Walikosa imani, na imani huwekwa akiba miaka mingi kabla ya siku ya kuitumia. Meya La Guardia aliunda tume ya uchunguzi, na utafiti wake ukaongozwa na E. Franklin Frazier, mtaalamu mweusi wa elimu ya jamii, naye na wenzake wakaandika kwamba ghasia ile haikuwa ya fitina wala ya wachochezi, bali imetokana na watu kunyimwa kazi, kutozwa kodi kubwa za vyumba vibovu, kubaguliwa hospitalini na katika misaada, na kupigwa na polisi. Sura moja yenye kuaminiwa, hata iwe pana kama ya Battle, haiwezi kufunika orodha ya namna hiyo. Meya aliipokea ripoti, akaisoma, akaiweka.

Mwaka 1941 La Guardia alimteua Battle kuwa kamishna wa parole, kazi ya kuwasimamia wafungwa wanaoachiliwa kwa masharti, naye akaishika kwa miaka 10, akijishughulisha hasa na vijana, akiwatafutia michezo na mahali pa kwenda wakati wa joto, ili njia za Harlem zisiwe ndizo mlezi wao wa pekee. Hakuwa tena katika polisi. Lakini tarehe 1 Agosti 1943, katika hoteli ya Braddock, askari polisi mweupe alipompiga risasi mwanajeshi mweusi, Robert Bandy, aliyekuwa ameingilia kati mwanamke alipokuwa akikamatwa, na uvumi ukaenea kwamba mwanajeshi amekufa mbele ya mama yake, ilhali amejeruhiwa tu, nani aliitwa? Aliitwa Battle, mwenye umri wa miaka 60, mtumishi wa idara nyingine, aje kumsaidia meya kuwatuliza watu. Safari hii walikufa 6. Miaka minane ilikuwa imepita tangu picha ile, na katika muda huo wote ripoti ya Frazier ilikuwapo, yenye kueleza moto wa pili utatoka wapi.

Na haikuishia kwake. Julai 1964 luteni wa polisi asiyekuwa zamuni alimwua kwa risasi mvulana mweusi wa miaka 15, James Powell, Harlem ikawaka kwa mara ya tatu, na mwezi uliofuata mji ukamweka Lloyd Sealy kuwa mkuu wa kituo kimojawapo cha Harlem, mtu mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika mtaa ule. Sealy alistahili, nami sina neno juu yake. Nauliza tu kwa nini stahili yake haikuonekana mwezi wa Juni. Battle alikuwa hai bado, mzee wa miaka 81, na bila shaka aliutambua mwendo huo, kwa kuwa alikuwa ameuona kutoka ndani. Mtu mweusi wa kwanza kuwa kamishna mkuu wa polisi wa New York, Benjamin Ward, aliingia 1984, miaka 73 baada ya kiapo cha Battle.

Lipo jambo moja ambalo katika hilo mimi na mzee huyu hatupatani. Aliipenda polisi. Mwisho wa miaka ya 1940 alimwendea Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Harlem, yule yule ambaye wasomi wetu walimwona kwa macho Makerere, Kampala, katika mkutano wa waandishi wa mwaka 1962, akamlipa aandike maisha yake. Hughes, ambaye alikuwa na shida ya fedha na hakuwa na shauku kubwa ya kuandika sifa za polisi, aliandika, wachapishaji wakakataa, na maandishi yakalala mpaka mwandishi Arthur Browne alipoyatumia katika kitabu chake cha 2015. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Columbia nacho kilirekodi kumbukumbu za Battle kwa sauti yake. Katika masimulizi yake yeye ni mtu aliyeshinda: walimnyamazia, wakamkubali, walimkataa, wakampigia kura. Naelewa kwa nini mtu aliyelipa bei ile apende kuona kwamba alinunua kitu. Lakini nikiyapanga mambo kwa tarehe, 1911, 1919, 1935, 1943, naona kwamba kila aliposogezwa mbele palikuwa na moto nyuma ya wanaomsogeza, na sioni siku ambayo walimsogeza kwa sababu ya mtihani wake tu.

Alifariki tarehe 7 Agosti 1966, na mwaka 2009 makutano ya Lenox na Mtaa wa 135 yalipewa jina lake. Ni heshima njema, ingawa kibao cha njiani ni katika malipo yaliyo rahisi zaidi ambayo mji waweza kutoa. Ile ripoti ya 1935 serikali ya mji haikuichapisha. Iliyoichapisha, Julai 1936, ni Amsterdam News, gazeti la Harlem, na anayetaka kujua New York iliwiwa nini na luteni aliyesimama katika picha ile aanzie katika kurasa hizo, hasa zile zinazohusu polisi.